Bibi Aliyepeleka Maji Maporomokoni

Iguguno,
Wilaya ya Mkalama,
Singida.

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mpendwa Mjomba Emilian,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Masasi, wewe na Mama Janeth na wadogo zangu Janeth na Christopher. Je, kikohozi cha Mama Janeth kimepona? Mama anasema mara ya mwisho mlipoongea kwenye simu alimsikia akikohoa nyuma yako, na tangu siku hiyo humtaja kila tunaposali kabla ya chakula cha jioni. Nasikia msimu wa korosho nao umekaribia. Ukianza najua huna nafasi hata ya kula mchana, kwa hiyo isome barua hii taratibu, hata kwa vipande.

Sisi huku hatujambo. Baba hajambo, ila anasema jua la mwaka huu lina kisirani. Alizeti tulivuna vizuri kiasi, mahindi kidogo. Mimi niko kidato cha tatu na naendelea na masomo. Maji ndiyo yanatusumbua kama ilivyo kila mwaka mwezi huu. Pampu inatoa kidogo, na ndoo zinapanga foleni pale bombani tangu alfajiri, kila moja imewekewa jiwe lake ili mwenyewe akirudi aijue.

Mjomba, sijasahau ulichoniagiza. Uliniambia, "Damari, nakutegemea wewe. Mama yako nikimwuliza habari za Bibi ananijibu wanaendelea vizuri. Hata siku Bibi alipoanguka aliniambia wanaendelea vizuri. Niandikie ukweli wote kabla sijaamua." Basi nimekaa kwenye meza ya Bibi baada ya ibada, nimenoa penseli kwanza, nimeandika rasimu, na sasa nanakili kwa kalamu ya wino kama mwalimu wetu wa Kiswahili alivyotufundisha. Nimejitahidi nisizidishe wala nisipunguze.

Najua unataka kuamua nini. Ulisema ikiwa mpaka mwezi wa kumi na mbili Bibi atakuwa bado hawezi kutembea, utakuja kumchukua akaishi nanyi Masasi, nyumba hii ifungwe, na mimi nirudi kulala kwa Baba na Mama. Hakuna aliyekulaumu. Wewe ndiye mwanawe wa kwanza, na ni nani atakayelala vizuri akijua mama yake anashikwa na watu wawili kwenda chooni?

Ila hili Bibi hajakuambia, na sidhani atakuambia. Mbele yako Bibi anasema "kama mwanangu anavyotaka." Kwetu anasema, "Nikienda huko nitakuwa mgeni mpaka nizikwe."

Nianze na hali ilivyokuwa. Mwezi wa tano Bibi alipoteleza kwenye alizeti iliyoanikwa uani, mfupa wa nyonga ulipata ufa, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba mfupa ulipona mapema kuliko Bibi. Mwezi wa nane daktari alitazama picha akasema mfupa umeunga vizuri, sasa mama atembee. Bibi akaitikia kwa heshima, "Ndiyo, daktari." Tulipofika nyumbani akakaa kwenye kigoda chake, ikawa basi.

Si kwamba hakujaribu. Akisimama alikuwa anatazama miguu yake kama mtu anayechungulia ndani ya kisima. Mguu wa kwanza ukitoka, wa pili unatetemeka. Anashika ukuta, anashika bega langu, anakaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali alitueleza waziwazi kwamba sasa ugonjwa si mfupa tena, ni hofu, na kwamba asipotembea mapema miguu itasahau kabisa. Bibi akamjibu, "Basi isahau, nami niisahau." Tulicheka wote pale ndani. Lakini tulipofika nyumbani alirudi kwenye kigoda kile kile.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka mwezi wa tisa, tulipofunga shule kwa likizo fupi, na Mama mdogo Kristina akatuita kwake Mbulu kwenye kipaimara cha binti yake Eliana. Baba mdogo Calist alituma gari la rafiki yake lije kutuchukua, Bibi akalazwa kiti cha nyuma kwa mito. Baba alibaki na mbuzi.

Kipaimara kilikwenda vizuri sana, Mjomba. Eliana alivaa gauni jeupe na hakulichafua mpaka wakati wa wali. Jina lako lilitajwa kwenye shukrani, na zawadi yako ilionyeshwa watu wakapiga makofi.

Kesho yake Baba mdogo Calist akasema hatuwezi kurudi Singida bila kuona maporomoko. Karibu na kijiji chao kuna ziwa dogo katikati ya vilima, na juu ya ziwa kuna msitu. Kijito kinashuka kutoka msituni, kinaanguka mara tatu kabla ya kuingia ziwani. "Ni matembezi mepesi," alituambia. "Watoto wa chekechea wanafika. Hata padre wetu alifika, na jana mmeona tumbo la padre wetu." Mama mdogo alimkanyaga mguu chini ya meza.

Nami nikaenda kumwambia Bibi, "Bibi, kesho tunakwenda kwenye maji."

Sasa hapa, Mjomba, ndipo tulipojiaibisha. Asubuhi Mama mdogo Kristina alitoka jikoni akatukuta uani tumejipanga. Mama ameshika dumu la njano. Mimi nimeshika ndoo ndogo. Bibi yuko kwenye kiti, na mapajani ana ngata mbili alizozisokota kwa vipande vya kanga. Hakuna aliyetuagiza kubeba vyombo. Wewe umekulia hapa, unajua. Kwetu mtu akisikia neno maji, mkono unakwenda wenyewe kwenye dumu.

Mama mdogo alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Dada Rahel! Tunakwenda kutembea, hatuendi kuchota!"

"Si umesema kwenye maji?" Mama akauliza.

"Ndiyo, kuyatazama!"

"Sasa mtu anakwendaje kwenye maji mikono mitupu?" Mama hakuwa anatania hata kidogo. "Watu wakituona watasema nini?"

"Watasema tumekwenda kutazama maji, dada yangu! Huku watu wanatazama maji!"

Bibi akaingilia kati. "Kristina, umekaa kwenye matope mpaka umesahau kiu." Kisha akaniambia nisiiache ndoo.

Hata yule anayeongoza wageni msituni, anaitwa Kaka Moses, alitutazama kuanzia kichwani hadi vyomboni. Amevaa viatu vya mpira vinavyofika magotini na ni mcheshi. Akasema, "Nimeongoza wanafunzi, nimeongoza Wazungu, nimeongoza mpaka maharusi. Wote huja na simu za kupiga picha. Nyie wa Singida mmekuja na ndoo. Karibuni sana."

Gari lilitufikisha mpaka ukingoni mwa ziwa. Natamani ungeliona, Mjomba. Sijawahi kuona maji yaliyotulia namna ile, yamezungukwa na mafunjo, na bata weusi wanaogelea bila haraka yoyote. Ziwa letu la Singida mjini nimeliona, lakini lile lina chumvi na upepo. Hili lilikuwa na ukungu juu yake, na ukungu wenyewe ulikuwa unatembea. Kulikuwa na baridi hata Bibi akavishwa sweta la shule la Eliana juu ya vitenge viwili.

Kutoka pale hadi poromoko la kwanza njia ni tambarare, pana kama njia ya mkokoteni. Mama na Mama mdogo walimshika Bibi huku na huku, wakaenda naye polepole, wakipumzika kila penye gogo. Baba mdogo alitangulia akifyeka matawi. Alitamani kusaidia, hilo nililiona, lakini Bibi ni mkwe wake, na mkwe hashikwi mkono. Msituni kuna miti mirefu yenye ndevu za kijani zinazodondosha maji hata kama mvua hainyeshi. Nikauliza ni mvua ya lini ile. Kaka Moses akasema si mvua, ni ukungu tu, msitu unaukamua.

Poromoko la kwanza si kubwa. Linazidi kidogo urefu wa nyumba yetu ya bati. Maji yanaanguka kwenye mwamba mweusi kama kitambaa kilichoanikwa, yanajikusanya kwenye bwawa dogo, halafu yanaendelea zake ziwani. Na hiki ni kiangazi, Mjomba. Kiangazi kama hiki hiki chetu.

Kuanzia hapo njia inakuwa nyembamba. Si ngumu, ila watu wawili hawawezi kwenda sambamba, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kumshika Bibi pande zote mbili. Kaka Moses akasema kwa nia njema kabisa, "Baba Eliana ana mgongo mpana, si ambebe?"

Baba mdogo alitazama juu kama anayetafuta ndege. Bibi akasema, "Mkwe wangu anibebe mgongoni? Bora niote mizizi hapa hapa." Akakaa kwenye jiwe. "Nendeni. Mimi nimeona yangu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini mimi ninayeishi naye niliisikia tofauti. Ilikuwa ni sauti ile ile anayosema nayo habari za Masasi. Mama aliisikia pia, kwa sababu aligeuza uso. Nikasema nitabaki naye. Nilitamani sana kuona poromoko la pili na la tatu, sitakudanganya, lakini sikuweza kumwacha pale kama mzigo uliowekwa njiani. Wengine wakapanda na kupotelea kwenye miti.

Tulikaa muda. Bibi aliyatazama maji yakianguka. Halafu akauliza, "Haya yote yanakwenda wapi?"

"Ziwani, Bibi."

"Na yakifika ziwani?"

"Yanakaa tu."

"Yanakaa tu," akarudia, amekasirika kabisa, kana kwamba ni mimi ninayeyapoteza. "Jaza ndoo."

Nikavua viatu, nikaingia bwawani, nikajaza. Maji yalikuwa ya baridi mpaka mifupa ya vidole iliuma. Kwa kuwa nilikuwa natetemeka, nilijitwika vibaya, maji yakanimwagikia shingoni nikapiga kelele.

"Aibu gani hii!" Bibi akasema. "Shingo kama ya kuku aliyenyeshewa. Nani alikufundisha kubeba maji?"

"Tunabeba kwa baiskeli siku hizi, Bibi."

"Ndiyo maana. Lete hapa nikuonyeshe."

Nilidhani anataka kuishika tu, akiwa amekaa. Lakini aliweka ngata kichwani, akaigandamiza kwa kiganja, akaniambia, "Nitwike." Nikamwaga nusu ya maji kwanza. Akaguna, lakini hakunizuia. Nikamtwika. Akashika mkongojo aliopewa hospitali kwa mkono wa kushoto, akasimama ili anionyeshe shingo inavyotakiwa kukaa.

Mjomba, nitajaribu kueleza kilichotokea kwa mpangilio kilivyotokea.

Bibi aliposimama, kidevu chake kiliinuka. Macho yakatoka kwenye miguu, yakaenda mbele njiani. Hakuwa na la kufanya, kwa sababu mtu mwenye maji kichwani hawezi kutazama chini. Mgongo ukanyooka. "Unaona?" akasema. "Shingo ndiyo inayobeba. Mabega yanalala. Miguu inafuata." Aliposema miguu inafuata, akapiga hatua kunionyesha. Akapiga nyingine. Nikasubiri mguu ule wa pili utetemeke kama siku zote. Haukutetemeka.

Akaendelea. Mkongojo ulikuwa unamsumbua, unagonga mawe, akauachia ukaanguka. Nikauokota nikamfuata. Njia aliyoishika haikuwa ya kurudi kwenye gari. Alikuwa anapanda.

Nilitaka kumwita. Lakini niliogopa kwamba nikimwita atageuka, na akigeuka ataanguka. Nikaogopa pia kunyamaza. Mbele kulikuwa na mizizi imekatiza njia, na mawe yenye utelezi, na mimi nilijua jambo moja tu, kwamba ni mimi niliyemtwika. Akianguka hapa, hakutakuwa na mwezi wa kumi na mbili wa kusubiri. Nilitembea nyuma yake nimenyoosha mikono yote miwili, nikisali bila maneno. Kila penye mzizi aliupapasa kwanza kwa ncha ya kiatu, akauvuka. Ndoo haikumwagika hata tone. Njia nzima alikuwa anaongea, ananifundisha, habari za nyonga na pumzi na jinsi walivyokuwa wakipanda kutoka korongoni na mama yake. Sidhani kama alikumbuka kwamba yeye ni mgonjwa.

Tukasikia sauti ya poromoko la pili. Pale njia inatoka kwenye miti ghafla, na wote walikuwa wamesimama mbele ya maji wametupa mgongo. Aliyetuona kwanza ni Kaka Moses. Aliitazama ndoo, akamtazama aliyeibeba.

"Bibi," akasema, "unapeleka maji kwenye maporomoko?"

"Nimesikia huku yamepungua," Bibi akamjibu.

Hapo wengine wakageuka. Mama alishika mdomo kwa mikono miwili. Mama mdogo Kristina alipiga yowe hata ndege wakaruka, na Bibi akamkemea, "Usinipigie kelele, utanimwagisha! Mnashangaa nini? Hamjawahi kuona mtu amebeba maji?" Baba mdogo Calist alivua kofia, akageukia msituni, akawa anakagua mti fulani kwa muda mrefu sana. Alipotugeukia tena, kofia ilikuwa imelowa.

Tulimtua Bibi ndoo akakaa. Alilitazama poromoko la pili kwa nafasi yake. Lile ni refu kidogo, lina mapango madogo pembeni na majani yenye umbo la masikio. Alisema ni zuri, na akasema la tatu anatuachia sisi wenye magoti mapya. Mama alinikaripia palepale, na nilistahili. "Angeanguka je? Angeanguka je, Damari?" alinirudia mara nyingi, huku amenikumbatia, kwa hiyo sikujua kama nalia kwa kukaripiwa au kwa nini.

Ukweli wote, uliniambia. Basi ni lazima nikuandikie na hili. Tulipotaka kurudi, Bibi alisimama bila ndoo, akatazama chini, na miguu ikatetemeka upya kama mwanzo. Uso wa Mama ulibadilika. Furaha yetu yote ilisimama hapo. Ni Bibi mwenyewe aliyesema, "Nitwikeni." Tukamtwika, akashuka njia yote mpaka kwenye gari, mimi mbele na Kaka Moses nyuma. Yale maji Mama aliyatia kwenye dumu, tukaja nayo mpaka Iguguno, tukachemshia chai. Mama mdogo bado anatucheka kwenye simu.

Tuliporudi tulikwenda moja kwa moja kwa yule mtaalamu wa mazoezi. Niliogopa atatugombeza. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwomba Bibi aonyeshe. Hapakuwa na ndoo, akakunja kanga ya Bibi ikawa mraba, akamwekea kichwani, akamwambia atembee kwenye korido. Bibi akaenda mpaka mwisho na kurudi, wagonjwa wengine wakitazama. Mtaalamu akafurahi sana. Alisema anayeogopa kuanguka hutazama miguu, na anayetazama miguu huinama, na anayeinama ndiye anayeanguka. Bibi amebeba mizigo kichwani maisha yake yote, kwa hiyo mwili wake unajua kunyooka mara tu unapohisi kitu juu. Ila alikataza maji kabisa. Kitu chepesi tu, kila siku, na mtu awe nyuma yake, na kidogo kidogo apunguze mpaka asihitaji kitu.

Na ndivyo tunavyofanya. Kila asubuhi kabla sijaenda shule Bibi huzunguka nyumba na ungo mtupu kichwani, mimi nikiwa nyuma yake. Jirani yetu Mama Amne alimtania juu ya ua, "Bibi Severina, leo unauza nini?" Bibi akajibu, "Miguu. Unataka mmoja?" Baada ya muda ungo ukawa kanga iliyokunjwa. Wiki iliyopita nilirudi kutoka shule nikamkuta anatoka chooni peke yake, kichwa kitupu. Aliponiona akasema, "Unatazama nini? Nenda ukaoshe vyombo." Nilikwenda nikaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Bado hajapona kabisa, Mjomba, nisikufiche. Akichoka mguu wa kushoto unaburuta. Kanisani leo alikaa wakati wengine wamesimama. Uani tumeondoa mawe, na alizeti sasa tunaanika kwa Mama, si hapa. Kumfulia na kumchotea maji ni kazi yangu na itaendelea kuwa yangu. Lakini hashikwi tena, si na wawili wala na mmoja.

Uamuzi ni wenu wakubwa, na mimi si mtu wa kumwelekeza mjomba wake. Naomba tu kusema ninachotumaini. Natumaini mwezi wa kumi na mbili utakuja, lakini uje kula naye Krismasi, ukae kwenye kigoda kile naye akupikie mlenda na ugali. Mlete na Mama Janeth na watoto, halafu twende wote Mbulu kwa Mama mdogo. Njia ya maporomoko kweli ni nyepesi. Christopher atapanda mpaka la tatu bila kubebwa, na Mama Janeth atapumua hewa nzuri kwa kifua chake. Mkija wakati wa mvua vaeni viatu vyenye meno. Mimi la tatu bado sijaliona, nimeliweka akiba tuende pamoja.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Mama mdogo Kristina na Baba mdogo Calist wanakusalimu, na Eliana anashukuru kwa zawadi. Mama Amne naye amesema nisisahau jina lake. Mpe Mama Janeth shikamoo yangu, na Janeth mwambie madaftari yangu ya zamani ya hisabati nimemtunzia.

Salamu za Bibi nilitaka aziseme mwenyewe niziandike neno kwa neno. Nimeacha kalamu sasa hivi nikaenda kumwita. Hakuitika chumbani. Jikoni hayupo, uani hayupo, chooni hayupo. Nikakimbilia kwenye ua nikamwuliza Mama Amne kama amemwona Bibi.

"Bibi yako?" akasema. "Amepita hapa muda mrefu anaelekea kwa mama yako. Nimemsalimia hata hakusimama, anasema ana haraka."

Basi nimerudi ndani nikakaa kidogo kwenye nyumba tupu. Kabla ya leo sikujua kwamba mtu anaweza kufurahia nyumba kuwa tupu. Nisamehe, Mjomba, salamu za Bibi hazimo katika barua hii. Mwenyewe ametoka.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, abariki kazi ya mikono yako, na akulete kwetu salama.

Mimi mpwa wako nikupendaye siku zote,

Damari